Posa ya Jumatatu Asubuhi

Médiatrice alikuwa ameandika somo zima kwenye daftari la kurasa tisini na sita, tangu salamu hadi kwaheri, na kila sentensi aliyokusudia kuisema ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Mahali pa kutabasamu aliandika: tabasamu. Mahali pa kungoja jibu aliandika: ngoja, hesabu mpaka tano. Jumanne ile, tangu kulipokucha, alikuwa akitembea ndani ya nyumba yao ya Gitega, mtaa wa Kigali, kutoka mlangoni mpaka kwenye cherehani ya mumewe, hatua sita kwenda na sita kurudi, akizungumza Kiingereza na ukuta.

Binti yake Ingrid, msichana wa miaka kumi na saba, alikuwa amekaa juu ya furushi la vitambaa, kikombe cha uji magotini, akimsikiliza mamaye kwa jicho moja la huruma na jingine la kicheko.

"Mama, hata 'habari za jioni' umeiandika?"

"Nimeiandika."

"Ukiisahau je?"

"Si ndiyo maana nimeiandika."

Révérien, baba wa nyumba, alikuwa akipiga pasi blauzi ya mkewe, ile ya kijani yenye kola. Aliipitisha pasi, akaisogeza blauzi karibu kabisa na pua, akaitazama, akapitisha tena. Kola ilikuwa imenyooka kitambo, ila yeye haioni. Ingrid aliweka kikombe chini, akachukua sindano sita kwenye kimto cha sponji, akazitunga uzi moja baada ya nyingine kama afanyavyo kila asubuhi kabla ya shule. Hakuna aliyemtuma wala aliyemshukuru. Jambo hilo katika nyumba ile lilifanywa bila kutajwa. Mwezi uliopita Révérien alishona koti la mzee mmoja wa parokia, mkono wa kushoto akautia upande wa kulia, na mzee wa watu, kwa kuona haya, akalivaa hivyo hivyo Misa ya kwanza. Tangu siku hiyo wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa, wakasema wamebadili mawazo.

Basi macho yote ya nyumba yalikuwa kwa Médiatrice. Alikuwa amekwisha kumwachia mwenzake Gahongayire kibanda chake cha vitenge kule Muhima, akaenda kusomea ualimu wa Kiingereza cha watu wazima, yeye aliyezaliwa Bujumbura na kusomeshwa kwa Kifaransa tangu chekechea. Gahongayire alipopokea funguo alicheka akamwambia, ukishindwa rudi mwaya, utanibebea marobota. Alisema kwa mzaha, lakini mzaha huo Médiatrice alilala nao wiki nzima.

"Mama Ingrid," Révérien alisema, akimpa blauzi. "Wanafunzi wenyewe ni watu wa namna gani?"

"Watu wa ofisi. Wanajua Kiingereza kunizidi."

"Sasa utawafundisha nini?"

Médiatrice alivaa blauzi, akafunga vifungo kimoja kimoja. Swali lilikuwa zuri. Naye tangu utoto alipenda maswali mazuri hata yakiwa yanamuumiza.

"Ndicho ninachotaka kujua na mimi," alisema.

*

Kituo cha lugha kilikuwa Kacyiru, ghorofa ya pili, chumba chenye viti tisa, meza moja na ubao mweupe. Mwalimu mkuu wake aliitwa Winifred, mama mwembamba aliyekulia Mwanza, Kiswahili chake kimenyooka kama timazi ya mwashi. Alimkalisha Médiatrice kwenye ngazi, maana ofisini kulikuwa na watu, akamweleza mambo kwa utaratibu.

Wanafunzi ni wanane na wote wanatoka ofisi moja. Ofisi yenyewe hupokea wageni kutoka nje, na wageni wamelalamika: hawa watu kila tunalowaambia wanaitikia, tukiondoka hakuna walilofanya. Kumbe hawakukubali hata kidogo, walinyamaza tu. Kwa hiyo somo la leo, lile alilopewa aliandae, ni moja, kumpinga mtu kwa Kiingereza na adabu ibaki palepale. Darasani hakuna vyeo. Kila mtu ni jina lake. Mwisho wa somo kuna fomu yenye nafasi mbili za saini, moja ya Winifred mwenyewe na moja ya darasa. Darasa humtoa mtu wake mmoja, hushauriana, husaini au husema hapana.

"Zikiwa mbili, unaanza kazi ya mshahara Jumatatu ijayo," Winifred alisema. "Ikipungua moja, nampa nafasi mwenzako anayefundisha kesho. Sitaki nikufiche."

"Na darasa limewahi kukataa?"

"Wawili mwaka huu." Akasimama, akajipangusa sketi. "Dada, usiende kuwaonyesha unachokijua. Wasemeshe."

Médiatrice aliingia mapema, akakaa akitazama mlango. Miaka yote ya sokoni alikuwa akiwasoma watu kwa viatu. Mtu anaweza kuazima koti, kiatu kinamsema. Wa kwanza kuingia alikuwa bwana mrefu wa makamo mwenye suti nyeusi, viatu vinang'aa hata taa ya dari inaonekana ndani yake. Akajua moja kwa moja, huyu ndiye mkubwa wao. Alimkaribisha kwa mikono miwili na kumpa kiti cha mbele. Bwana yule alisita, akatazama nyuma, akakaa kwenye ncha ya kiti kama kina moto. Akasema anaitwa Viateur. Wa mwisho kuingia alikuwa mzee wa sweta, raba zake zimejaa vumbi jekundu, jina lake Bayingana. Huyo alijitafutia kiti mwenyewe kando ya dirisha. Winifred alikaa nyuma kabisa, fomu kwenye paja, kalamu tayari.

Kuanzia hapo yote yalisemwa kwa Kiingereza. Médiatrice alifungua daftari akasoma salamu. Palipoandikwa tabasamu, akatabasamu. Watu wanane wakamrudishia tabasamu, sawasawa, kama askari. Alisoma maneno ya kupingana kwa adabu, aliyoyaandika ubaoni, nao wakayarudia pamoja bila kosa. Alipokwama katikati ya sentensi, Bayingana aliimalizia kwa upole, kama mtu anayemshika mkono bibi kizee avuke barabara. Akakwama tena, akamaliziwa tena. Mara ya tatu Bayingana akamuuliza, "Mwalimu, Kiingereza ulijifunzia wapi?"

"Hapahapa Kigali. Ukubwani."

"Inaonekana," Bayingana alisema, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililomchoma.

Zamu ya mjadala ikafika. Médiatrice alikuwa ameutafuta mjadala huo siku nne. Hakutaka siasa, hakutaka dini, hakutaka mambo ya wanaume na wanawake. Akachagua kitu kisicho na mwiba: je, mkutano wa ofisi wa Jumatatu asubuhi ubaki au ufutwe? Hajapata kufanya kazi ofisini, lakini alisikia kila ofisi huwa nao. Akawapanga wawiliwawili, mmoja aupinge, mmoja autetee, dakika kumi na mbili. Viateur wa suti akamkutanisha na Bayingana wa sweta, Viateur aupinge.

Dakika moja haikwisha, chumba kikawa kimya.

Médiatrice alipita akiuliza. Kijana Achille, aliyepewa kuupinga, alisema mkutano wa Jumatatu ni uti wa mgongo wa ofisi. Mwenzake akasema anaunga mkono. Nyuma yao waliopangiwa kusema ufutwe walisema, kwa Kiingereza safi kabisa, usifutwe bali uongezwe muda. Viateur alikuwa ameinamia viatu vyake. Médiatrice alipomuuliza umempinga mwenzako vipi, alijibu kwamba mwenzake amesema kweli tupu, na yeye hana la kuongeza.

"Amesema nini?"

"Hajasema bado," Viateur alijibu.

Liliane, karani wa ofisi hiyo, mwanamke wa tabasamu la pembeni, alijifanya ameangusha kalamu. Alipoinama kuiokota karibu na Médiatrice alimnong'oneza kwa Kiswahili cha upande wa Kongo. "Mwalimu, yule wa sweta njo mukurugenzi. Hiyo mukutano ni yeye aliyeileta. Na yule wa suti ni shoferi wake."

Damu ilimpanda Médiatrice mpaka masikioni. Alikuwa amemkarimu dereva mbele ya bosi wake, kisha akamwambia dereva ampinge bosi juu ya mkutano wa bosi, mbele ya wafanyakazi wote wa bosi. Alitazama daftari. Daftari lilisema: ngoja, hesabu mpaka tano. Akahesabu mpaka tano. Akahesabu mpaka kumi. Kilichosikika ni kalamu ya Winifred tu, ikikwaruza karatasi.

*

Sasa, mwingine angelia, mwingine angesoma ukurasa unaofuata. Médiatrice alilifunga daftari. Hofu ilikuwapo, lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine kikimtekenya, udadisi wake ule wa kibandani. Hawa watu si mabubu. Mnyarwanda akikutana na mkubwa kazini humeza neno, haya. Lakini hulitema wapi? Maana neno halimezwi maisha yote. Ni wapi mtu mdogo humkatalia mtu mkubwa usoni, tena kwa madaha, watu wanacheka, na mkubwa mwenyewe hakasiriki bali anaomba tena?

Jibu lilimjia akiwa ametazama vile viti.

Aliwaomba wasimame wamsaidie kuhamisha. Vinne ukuta huu, vinne ukuta ule, vitazamane, katikati njia pana. Hata kabla kiti cha mwisho hakijawekwa, Liliane alikwisha kuziba mdomo kwa kiganja. Mtu yeyote aliyekaa Kigali Jumamosi mbili tatu anavijua viti vya namna ile. Ndivyo wanavyokaa watu chini ya mahema siku ya posa, ukoo wa binti huku, ukoo wa kijana kule, na kila upande una msemaji wake. Msemaji wa wenyeji kazi yake ni kukataa. Hujifanya hawajui wageni hawa wametoka wapi, huwatafutia makosa, husema binti keshaolewa, binti kaenda masomoni, binti hayupo. Na msemaji wa waombaji, awe waziri au profesa, kazi yake ni kunyenyekea mpaka apewe.

Médiatrice aliwaeleza kwa Kiingereza chake, na sasa hakukwama, kwa kuwa hakuwa anasoma popote. "Upande huu ni ukoo wa binti. Binti anaitwa Jumatatu Asubuhi. Upande ule umekuja kumposa. Msemaji wa waombaji awe Bwana Bayingana. Wenyeji, nani atawasemea?"

Hakuna aliyetaja jina, ila macho yote yalimwendea Viateur.

"Jumamosi zake za kusemea posa zimeshikwa mpaka Krismasi," Liliane alisema. "Hata shangazi yangu alimngoja miezi miwili."

Bayingana alimgeukia mtu aliyemwendesha miaka mitatu. "Wewe?"

"Ni mimi, bosi."

Viateur aliinuka. Alifunga kifungo cha koti, akanyoosha mikono ya shati, na Médiatrice akaona mtu mwingine akisimama ndani ya suti ileile. Mabega yalishuka, shingo ikainuka. Kiingereza chake kilikuwa na mashimo hapa na pale, lakini aliyapita kama dereva anayeijua njia.

"Wageni, karibuni. Mmepotea, au mnaomba maji ya kunywa?"

Bayingana alisimama nusu. "Tumekuja kwa ajili ya Jumatatu Asubuhi. Tunamtaka."

Viateur aligeukia watu wake taratibu. "Mmesikia? Wanamtaka. Hata hawajaketi vizuri." Upande wake ukaguna kwa fedheha kama ukoo kamili, na mmoja akasema ndiyo tabia ya watu wa mjini. Bayingana alicheka kidogo, akasimama sawasawa, akaanza upya, safari hii akisifu nyumba, mlango, hata kapeti. Viateur alizipokea sifa bila haraka.

"Binti yetu amelelewa," alisema. "Huamka, hunywa chai na watoto, huwafikisha shule, hufika kazini hajakunja uso. Nyinyi mtamweka wapi?"

"Ukumbi wa ghorofa ya tatu."

"Una dirisha?"

"Lipo, ila halifunguki," Achille alidakia, naye yuko upande wa waombaji. Wenzake wakamsukuma kwa viwiko, chumba kikacheka.

"Tangu saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Mpaka?"

Bayingana alitafuta. "Mpaka tumalize."

"Mpaka mmalize," Viateur alirudia, akaliacha neno likae hapo lijitazame. Sasa waliokuwa nyuma yake walikuwa wakimnong'oneza, kila mmoja na lake, na upande wa pili nao ukimpa mkurugenzi majibu sikioni. Wakabishana. Maneno ya adabu yaliyoandikwa ubaoni yalitoka bila kuitwa: naheshimu ulilosema ila, ungeniruhusu nitofautiane, sina hakika kama ni hivyo. Médiatrice alikuwa amesimama kwenye kona, mgongo ukutani, mikono mitupu.

Ndipo Viateur alipoinua kiganja, watu wakatulia.

"Kabla hatujamtoa huyu," alisema, "ukoo una swali. Sisi tulikuwa na binti mwingine, Ijumaa Jioni. Huyo hamkuja kumwomba. Mlimchukua tu. Mimi hukaa nje ya lango lenu, ndani ya gari, nasikiliza mpira redioni, namngoja atoke. Sijui atatoka saa moja au saa nne. Hakuna anayeniambia. Mke wangu ananiuliza yuko wapi, namwambia yuko kwa wakwe."

Hakuna aliyecheka. Liliane alishika kiti kwa mikono miwili. Hilo halikuwa la posa tena, au lilikuwa la posa na la kweli pamoja, na kila mtu alijua. Médiatrice alipiga hesabu yake. Kibanda hakipo, macho ya mumewe hayapo, na saini imo mkononi mwa mzee wa sweta aliyeambiwa neno lile mbele ya watu wake. Alifungua mdomo aseme chochote, aseme muda umekwisha, aseme ahsanteni. Kisha akataka kujua. Alitaka kujua mkubwa atajibu nini, akalitaka hilo kuliko kujiokoa, akafunga mdomo.

Bayingana alitazama raba zake zenye vumbi. Mtu wa nyuma yake alianza kumnong'oneza jibu, akamzuia kwa mkono.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Ijumaa Jioni tulimchukua bila kuomba. Tulidhani hana kwao."

"Ana kwao," Viateur alisema.

"Nimeona. Kwa desturi yetu sote, aliyemchukua binti bila kuomba hurudi kuomba radhi kabla hajaomba mwingine." Akainamisha kichwa, si sana, kiasi cha msemaji anayejua kazi yake. "Tumerudi."

Viateur aligeuka kushauriana na ukoo, vichwa vinne vikakutana. Waliporudi aliwatangazia wageni kwamba Jumatatu wanapewa, tangu saa mbili mpaka saa tatu na si dakika zaidi, na fundi aitwe afungue dirisha. Ijumaa arudi kwao kwanza. Baada ya hapo, wakimtaka, waje wamwombe kama watu.

Wakapiga makofi pande zote mbili. Saa ya ukutani ilikuwa imepita muda wa somo kwa dakika sita na hakuna aliyeitazama.

*

Winifred alikuja mbele na fomu. Aliongea na Médiatrice kwa Kiswahili, sauti ya chini. Alimwambia robo saa ya kwanza ilikuwa mbaya, na ataieleza yote kwa maandishi. Iliyobaki hajui aiandike vipi, kwa sababu kwenye fomu yake hakuna mahali pa mwalimu asiyesema kitu. Akaweka saini yake. Kisha akageukia darasa akauliza nani atawasainia.

Kwa kawaida ilikuwa haihitaji kuulizwa. Watu walimfungulia Bayingana njia. Mkurugenzi alikuja na mkoba wake, akaipokea fomu, akaisoma kutoka juu mpaka chini, uso hauna habari. Médiatrice alimtazama kidole kikipita juu ya jina lake.

"Mwalimu," Bayingana alisema, "umenitia aibu leo."

"Ndiyo, mzee."

"Hukujua mimi ni nani."

"Sikujua. Nilidhani mkubwa ni yule wa viatu."

Mzee aliteremsha macho, akaviangalia viatu vya dereva wake, kisha raba zake mwenyewe, na kitu kikamtikisa mabega. Alichukua kalamu, akaijaribu kwenye kona ya fomu kama inaandika. Halafu akavitoa vyote viwili, fomu na kalamu, akamnyooshea Viateur.

"Sisi ni waombaji," alimwambia. "Anayetoa yuko upande wenu."

Viateur alitazama kalamu bila kuigusa. Akauliza kwa Kinyarwanda kama ni kweli. Akaambiwa ni kweli. Basi akavuta kiti, kilekile cha mbele alichokikalia nchani, sasa akakikalia chote, akatandaza fomu mezani. Hakusaini upesi. Alianza na mstari wa kwanza, akausoma polepole, midomo ikicheza, kidole chini ya kila neno. Akamuuliza Winifred maana ya neno moja, akaelezwa, akaitikia kwa kichwa, akaendelea na wa pili. Fomu ilikuwa na mistari ishirini na mbili. Wenzake walianza kuaga mmoja mmoja na kushuka ngazi. Mkurugenzi alibaki mlangoni, mkoba mkononi, akimngoja dereva wake amalize.